MAMA SI MGENI: MRUDISHIENI JEMBE LAKE

Ndugu msomaji, wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii tunaifahamu sote, na mara nyingi tunaitumia kumsema mgeni aliyezidisha siku. Lakini siku hizi, hasa mijini, zipo nyumba nyingi ambamo yumo mtu asiyepewa jembe siku ya tatu, wala mwezi wa tatu, wala mwaka wa tatu. Mtu huyo si mgeni. Ni mama mzazi au baba mzazi, aliyeletwa na watoto wake aje "kupumzika".

Katika ukurasa huu wa afya napenda leo tuzungumzie jambo ambalo lenyewe si ugonjwa, ila huleta magonjwa. Tena huletwa na mapenzi. Maoni yangu ni haya: tunapomwondolea mzee kazi zote kwa nia ya kumheshimu, tunamzeesha kabla ya wakati wake. Na yeyote anayetaka kubaki na nguvu za ujana hata akifikisha miaka sabini au themanini, dawa yake ya kwanza haimo katika chupa wala katika kidonge. Dawa hiyo ni kuendelea kuutumia mwili wake kila siku.

MAPENZI YANAYODHOOFISHA

Tuchukue mfano ambao wengi wetu tutautambua. Mama ana miaka 66 na anaishi kijijini. Huamka alfajiri, hufagia uwanja, huwafungulia kuku, huenda shambani na jembe begani, hurudi na mboga na vijiti vichache vya kuni, hupika, na jioni humtembelea jirani aliye mgonjwa. Hakuna aliyepata kumwambia kuwa hayo ni mazoezi, na yeye mwenyewe hayaiti hivyo. Baba akishafariki, watoto wanakaa kikao na kukubaliana kuwa si vema mama abaki peke yake. Mtoto mwenye nafasi anamchukua.

Huko mjini anapokewa kwa heshima zote. Anapewa chumba na godoro nene. Asubuhi akishika ufagio, mkamwana anakimbia kumnyang'anya: "Hapana mama, wewe kaa tu, dada atafagia." Akitaka kuosha kikombe alichonywea chai, anaambiwa akiache. Akitaka kwenda gengeni kununua nyanya, anatumwa mjukuu. Akitaka kwenda kanisani, ambako ni mwendo wa robo saa, inaitwa bajaji. Basi anabaki kwenye kochi mbele ya luninga, na mezani pake pana chai yenye sukari nyingi na mkate laini.

Baada ya miezi michache anaanza kuinuka kwenye kochi kwa kujishikilia. Baada ya mwaka anapanda ngazi tatu za barazani huku anahema. Kisha usiku mmoja anateleza akienda chooni, na mfupa wa nyonga unavunjika. Ndugu wote wanatikisa vichwa na kusema, "Ndiyo uzee huo."

La hasha! Katika muda huo umri wa mama uliongezeka mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja haumtoi mtu shambani na kumlaza kitandani. Kilichobadilika kwa kiasi kikubwa ni namna anavyoipitisha siku yake.

Akina baba nao wana kochi lao. Mtumishi wa umma akifika miaka 60 hustaafu kwa lazima. Wengi huagwa kwa sherehe na kuambiwa, "Mzee, sasa ukapumzike." Naye hutii. Hushinda chini ya mwembe akicheza bao tangu asubuhi hadi jua linapozama. Bao ni mchezo mzuri wa kuichangamsha akili, lakini miguu haichezi bao. Mwili haujui kuwa umestaafu. Unajua tu kuwa unatumika au hautumiki.

WIKI TATU ZA KULALA NA MIAKA THELATHINI YA KUISHI

Msomaji anaweza kuuliza, je, kukaa bure kunaweza kweli kumdhoofisha mtu haraka kiasi hicho? Tutazame yale waliyoyaona waganga wa Dallas, Marekani. Mwaka 1966 waliwachukua vijana 5 wenye afya njema, wa umri wa miaka 20, wakawalaza kitandani kwa muda wa wiki tatu bila kuwaruhusu kutembea. Kabla na baada ya hapo waliwapima uwezo wa moyo na mapafu yao wanapofanya kazi ngumu. Uwezo huo ulishuka sana.

Miaka 30 ilipita. Mwaka 1996 watu wale wale 5, sasa wakiwa na miaka 50, walitafutwa na kupimwa upya. Ikaonekana kuwa wiki tatu za kulala kitandani zilikuwa zimewapunguzia uwezo zaidi kuliko miaka 30 yote iliyofuata. Kisha watu hao walifanya mazoezi ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli kwa muda wa miezi sita, nao wakaurudia uwezo wa moyo na mapafu waliokuwa nao wakiwa na miaka 20, kabla hawajalazwa.

Hao walikuwa vijana. Kwa wazee mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine wa huko huko Marekani, ambao watu wenye afya wa umri wa wastani wa miaka 67 walilala kitandani kwa siku 10 tu. Katika siku hizo 10 walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hawakuwa na malaria wala homa ya matumbo. Walikuwa wamelala tu.

Ni kweli kwamba mama aliye kwenye kochi halali kutwa nzima. Hata hivyo njia anayoifuata ni ile ile, ila anaifuata kwa mwendo wa polepole. Na kwa sababu ni polepole, hakuna anayegundua mpaka siku ya kuanguka.

KINACHOPUNGUA MWILINI

Sasa tuone kwa ufupi ni nini hasa kinachotokea mwilini.

Kwanza ni misuli. Tangu tunapoingia miaka ya thelathini, mtu hupoteza kiasi cha asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake katika kila miaka 10, na baada ya miaka 60 kasi hiyo huongezeka. Huo ndio uzee wenyewe, na haukwepeki kabisa. Lakini mtu anayefanya kazi hupungukiwa taratibu, na asiyefanya hupungukiwa haraka. Tena misuli haipo kwa ajili ya kubeba mizigo tu. Ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari kutoka katika damu baada ya kula. Misuli ikikaa bure, sukari inabaki ikizunguka, na mlango wa kisukari unafunguka.

Pili ni mifupa. Mfupa ni kitu hai, haufanani na nguzo ya zege. Hujijenga pale unapobebeshwa uzito na kutikiswa na mwendo, na hupungua unapoachwa bila kazi. Akina mama baada ya kukoma hedhi hupoteza mifupa kwa kasi zaidi, na kwa hiyo wao ndio wanaohitaji zaidi kutembea na kufanya kazi za kusimama.

Tatu ni uwezo wa kusimama bila kuyumba. Masikio ya ndani, macho, nyayo na misuli ya miguu hushirikiana kutuzuia tusianguke. Ushirikiano huo unataka kufanyiwa kazi kila siku, kama vile mwanakwaya anavyofanyia kazi sauti yake. Mzee anayetembea kwenye sakafu ya vigae tu, kutoka chumbani hadi sebuleni, husahau namna ya kukanyaga ardhi yenye mabonde.

Nne ni akili. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la The Lancet lilieleza kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya maradhi ya kupoteza kumbukumbu vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kama mambo 14 yangeshughulikiwa mapema. Miongoni mwake ni kutofanya mazoezi, upweke, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, na masikio au macho yaliyodhoofu bila kutibiwa. Mama aliyekuwa akipanga mbegu, akijadiliana bei na kuwatatulia majirani ugomvi, akiwekwa mbele ya luninga kutwa, akili yake nayo imestaafishwa.

WAZEE WA KANDO YA ZIWA EYASI

Watu wengine hudhani kuwa habari hizi za mazoezi ni mambo ya Wazungu. Basi tusiende mbali. Hapa hapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanapata chakula chao kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi ya porini. Wataalamu wamewafuatilia kwa miaka mingi.

Mwaka 1989 watafiti waliokwenda huko waliandika kuwa akina bibi waliokwisha koma hedhi walikuwa wakitumia muda mwingi zaidi kutafuta chakula kuliko akina mama vijana. Bibi ndiye aliyekuwa akichimba mizizi katika ardhi ngumu kwa mti uliochongwa, na wajukuu ndio waliofaidi. Mwaka 2017 watafiti wengine walieleza kuwa Wahadzabe waliopimwa walikuwa na kiasi cha dakika 135 kwa siku za kujishughulisha kwa nguvu za wastani au zaidi, na kwamba dalili za maradhi ya moyo miongoni mwao zilikuwa chache.

Kuna jambo moja ninalolipenda zaidi katika habari zao. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa kwamba Wahadzabe nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, sawa na watu wengi wa mjini. Tofauti ni namna wanavyopumzika. Wao mara nyingi huchuchumaa au hupiga magoti, na miguu yao huendelea kufanya kazi kidogo hata wanapozungumza. Kwa hiyo kupumzika si kosa. Kosa ni kuzama katika kochi tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku.

Sisemi kwamba turudi porini. Maisha ya Wahadzabe ni magumu, watoto wao wengi hufariki wakiwa wadogo, nao wanahitaji zahanati kama sisi sote. Ninachosema ni kuwa bibi mwenye miaka 65 anayechimba ardhi hadhulumiwi na mtu. Ana kazi, ana heshima, na miguu yake inamtii.

"LAKINI MAMA AMEFANYA KAZI VYA KUTOSHA"

Najua yapo maneno ya kujibu, na ni haki tuyasikilize.

La kwanza ni hilo la kwamba mama ametulea kwa jasho, basi sasa ni zamu yetu kumpumzisha. Neno hili limetoka moyoni na silidharau. Lakini tutofautishe kupumzika na kukalishwa. Anayepumzika amechoka na atainuka tena. Anayekalishwa hajachoka, na siku atakapotaka kuinuka hataweza. Kama kweli tunataka kumlipa mama fadhila, tumlipe kwa kumwezesha kwenda chooni kwa miguu yake mwenyewe hadi siku zake za mwisho. Hakuna godoro linaloweza kulingana na heshima hiyo.

La pili ni la mkamwana, ambaye huogopa majirani watasema anamtumikisha mkwe wake. Hofu hii ni ya kweli, na wanaume tusiwaachie wake zetu mzigo huo peke yao. Mwana mwenyewe ndiye aseme mbele ya ndugu: "Mama analima bustani yake kwa sababu anataka na kwa sababu ni afya yake." Likisemwa hivyo mara moja, midomo hufungwa.

La tatu ni, "Mama ana presha." Ndiyo, wengi wanayo. Utafiti uliofanywa mwaka 2010 katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulionyesha kuwa kiasi cha watu 7 kati ya 10 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na shinikizo kubwa la damu, na wengi wao walikuwa hawajui. Lakini presha iliyopimwa na kutibiwa haimzuii mtu kutembea. Kutembea kila siku husaidia kuishusha, pamoja na kupunguza chumvi na kumeza dawa bila kuruka siku. Mzee asiache dawa kwa kuwa anafanya mazoezi, wala asiache mazoezi kwa kuwa anameza dawa. Hali kadhalika maumivu ya magoti: goti linalouma kwa sababu ya uzee hunufaika na mwendo wa kadiri, kwa kuwa misuli ya paja yenye nguvu hulipunguzia goti mzigo.

La nne ndilo zito kuliko yote. Wapo wazee ambao tatizo lao ni kuzidiwa na kazi. Bibi wa miaka 72 aliyeachiwa wajukuu wanne, anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani, ambayo ni kilo 20 za maji, na kulima peke yake ili watoto wale, huyo hahitaji kuhimizwa afanye kazi. Anahitaji kusaidiwa. Kumkalisha mzee wa mjini na kumtwisha mzee wa kijijini ni makosa mawili yanayotoka katika chungu kimoja: katika yote mawili hatukumuuliza mzee mwenyewe anaweza nini na anataka nini.

KAZI GANI, NA KWA KIASI GANI

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri mtu mzima, pamoja na mzee wa miaka 65 na zaidi, apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaomfanya apumue kwa nguvu kidogo. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Juu ya hayo, afanye kazi za kutumia nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na mzee afanye mazoezi ya kutoyumba angalau siku 3. Hayo yote yanaweza kupatikana nyumbani bila kununua kitu chochote:

1. Kazi za miguu. Mzee aende gengeni, kanisani, kwa jirani, au ampeleke mjukuu shule ya awali. Bajaji ibaki kwa ajili ya siku za mvua na za ugonjwa.

2. Kazi za nguvu. Kumwagilia mchicha kwa kopo la lita 3 au 5, kupalilia tuta moja, kukanda unga, kupukuchua mahindi, kufua nguo zake nyepesi. Asiye na uwanja apande mboga katika magunia au ndoo chakavu.

3. Kazi za kutoyumba. Kupanda na kushuka ngazi chache akiwa na mahali pa kushika, kuinama na kuinuka akichuma mboga, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta.

4. Kazi za akili na heshima. Kutunza fedha za sokoni, kupanga chakula cha wiki, kuwafundisha wajukuu lugha ya nyumbani, kusuka mkeka, kusimamia kuku.

Asiyekuwa amezoea aanze na dakika 5 au 10, aongeze kidogo kidogo kila wiki. Kipimo chepesi ni hiki: akitembea aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kupumua kwa shida hata baada ya kupumzika, au miguu kuvimba ghafla ni dalili za kusimama na kwenda kituo cha afya. Hakikisheni pia njia ya kwenda chooni ina mwanga usiku, sakafu haina maji, na mzee hana kandambili zilizolika. Macho yenye ukungu yapimwe, kwa maana mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mdogo, na asiyeona vizuri huogopa kutembea.

Neno moja kuhusu namna ya kusema. Usimwamuru mzazi wako kama unavyomtuma mtoto. Mwombe msaada, kwa sababu ni msaada kweli: "Mama, mchicha huu umenishinda, hebu nionyeshe mlivyokuwa mnaupanda." Utaona uso wake unavyong'aa.

Na mzee akitoka hospitali, tusimlaze wiki nzima kwa kuwa "bado ana udhaifu". Udhaifu huo ndio unaoongezwa na kulala. Muulizeni mganga anaweza kusimama lini, na siku hiyo ikifika, asimamishwe.

CHAKULA CHA KUJENGA, SI CHA KUSHIBISHA TU

Kazi bila chakula haijengi misuli. Tuna desturi ya kumpa mzee uji, chai na mkate, tukidhani nyama na maharage ni ya vijana wanaokua. Kumbe mzee anahitaji protini kwa wingi zaidi kwa uzito wake kuliko kijana, kiasi cha gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, isipokuwa mganga awe amemwekea mpaka kwa sababu ya ugonjwa wa figo. Mwenye kilo 60 atahitaji gramu 60 hadi 72. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kiasi cha gramu 15, yai moja gramu 6, na glasi ya maziwa gramu 8. Dagaa, karanga, kunde, choroko na samaki vyote vinafaa. Kama meno yamekwisha, maharage yapondwe na dagaa wasagwe.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa vyakula vyote. Na soda tunayompa mzee kwa kumkirimu ina sukari ya vijiko 7 au 8 vya chai katika chupa moja ya mililita 300. Huko si kumkirimu. Mpeni maji, maziwa, au chungwa zima.

UJANA HAUPAKWI

Wapo wanaotafuta ujana madukani. Kupaka nywele rangi si dhambi, ila mvi hazijamzuia mtu yeyote kupanda mlima. Mafuta ya kujichubua ni jambo jingine: yale yenye zebaki huharibu figo, na yale yenye dawa kali za ngozi yakitumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu, yaani huleta uzee ule ule uliokimbiwa. Chupa za mitishamba zinazotangazwa stendi kuwa zinatibu presha, sukari, mgongo na kurudisha ujana, zote kwa kijiko kimoja, zina jambo moja la hakika, nalo ni kupunguza fedha mfukoni. Sigara nayo hukunja ngozi ya uso na kuharibu mishipa ya damu. Kuiacha ni kipodozi kizuri kuliko chochote kilichomo dukani.

Ujana unaostahili kutafutwa ni ule wa kuinuka kwenye kiti bila kushikwa mkono. Jipime leo, ewe msomaji wa miaka 50 na kuendelea. Kaa juu ya kiti cha kawaida kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa mara 5 mfululizo. Ikikuchukua zaidi ya sekunde 15, miguu yako inakuonya.

BADO HUJACHELEWA

Mtu asikate tamaa kwa kudhani muda umepita. Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, walipewa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8 chini ya uangalizi. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama misuli ya mtu wa miaka 90 bado inajibu inapoitwa, ya mtu wa miaka 66 itashindwaje?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una mzazi nyumbani, usingoje mwaka mpya. Jumamosi hii mnunulie mbegu za mchicha na kijembe chepesi cha mpini mfupi, mwonyeshe kipande cha ardhi au magunia mawili ya udongo, umwambie ni vyake. Asubuhi akishika ufagio, mwache afagie. Na wewe uliye na miaka 45, unayepanda bodaboda kwenda mahali panapoonekana kwa macho, shuka utembee. Miguu utakayokuwa nayo ukiwa na miaka 75 unaitengeneza sasa.